Gari la mnada unalolala ndani linataka mshahara wake

Leo siongelei wapi pa kupata mzigo kwa bei chee. Naongelea gari, na najua kuna watu watanuna.

Wiki mbili zilizopita, hapa Ziba, kijana mmoja anayeuza nguo za watoto mnadani alinivuta pembeni. Ameuza mpunga, ameuza na ng'ombe, ana milioni 15 mkononi. Anasema, "Kaka, nachukua Hiace. Natoa siti za nyuma, napiga kitanda cha mbao, mzigo unakaa chini mi nalala juu. Mnada ukiisha silali gesti, sipandi Fuso. Hela yote hiyo si imebaki mfukoni?"

Nikamuuliza, hilo gari utalilipa shilingi ngapi kwa mwezi?

Akacheka. "Kaka, gari langu mwenyewe nililipe tena?"

Mimi sikucheka, maana niliwahi kujibu hivyo hivyo na mtaji wangu ukaenda. Nilichomwambia yeye ndicho naandika hapa. Gari la kulala ni kitu kizuri sana kwa mtu wa minada, lakini ukilinunua kwa ajili ya kuokoa hela ya gesti, litakumaliza.

Niweke wazi kwamba mi si adui wa gari. Ukijumlisha gari la kwanza na hili la sasa, ni mwaka wa sita nalala garini, na Fuso ya kuchangia sirudi labda nilazimike. Nani asiyejua mateso yake? Mnapakia saa tisa usiku, belo lako linawekwa chini kabisa, juu yake magunia ya vitunguu na masufuria ya mtu mwingine, na juu kabisa mmekaa nyie wenyewe mmeng'ang'ania kamba. Gari likipiga tuta unaruka, roho inabaki hewani. Abiria haruhusiwi kukaa juu ya mzigo, kila mtu anajua, na kila mtu anapanda. Mkifika, mzigo wa aliyepakia mwisho ndio unashuka kwanza. Wewe uliyewahi kuamka unashusha mwisho. Mwenzako ameshauza suruali kumi, wewe bado unaulizia belo lako liko upande gani.

Mwenye gari anafika jioni ya siku inayotangulia. Anachagua kona yake karibu na njia wanayotokea wauza ng'ombe, maana wale wakitoka zizini wana hela taslimu na hawana muda wa kuzunguka. Anapiga turubai, anakula taratibu, analala juu ya mali yake. Alfajiri anafungua mlango wa nyuma, duka limeshafunguliwa. Mvua ikishuka ghafla anarudisha mzigo ndani wakati wengine wanakimbizana na nailoni. Hizo ni faida za kweli na mimi nazila kila wiki.

Hata Wazungu wana mchezo huu. Ulaya na Marekani kuna magari yanayotengenezwa kabisa yawe nyumba, yana kitanda, jiko, choo na tangi la maji, na wastaafu wengi wanayanunua wazunguke nayo. Japani, zinakotoka hizi Hiace zetu, nako Hiace ni moja ya magari yanayopendwa kugeuzwa nyumba ya kutembea. Video zake ziko kibao na ndizo zinazowatia vijana hamu. Ila angalia kitu kimoja kwenye hizo video. Yule mzee hauzi kitu. Ana pensheni. Gari lake ni la kula hela, analijua hivyo na amelikubali, kama mtu anayechangia harusi. La kwako linatakiwa lizalishe. Ukiichukua raha ya yule mzee ukaipandikiza kwenye mtaji wako, umeshapotea hata gari halijafika Igunga.

Sasa nisimulie la kwangu. Gari langu la kwanza lilikuwa Hiace ya dizeli ya zamani, niliinunua kwa mtu kwa milioni 9. Miezi minane nilikuwa mfalme. Kila mnada nahesabu mauzo, natoa hela ya kununulia mzigo mwingine, natoa mafuta, kinachobaki naita faida. Nikajenga mpaka msingi wa nyumba. Mwezi wa tisa, natoka upande wa Nzega usiku, injini ikazima ghafla bila hata kukohoa. Fundi alipofungua, mkanda wa taimingi umekatika, valvu zimepinda.

"Kaka, mkanda huu ulibadilishwa lini?"

"Sijui."

"Uliponunua gari hukuuliza?"

Sikuuliza. Injini za namna ile mkanda hubadilishwa kila kilomita laki moja, na gari lilikuwa limeshavuka zamani. Spea, fundi, gari la kunivuta, pamoja na siku 18 bila kwenda mnadani, jumla ikapita milioni mbili na nusu. Sikuwa nayo. Nikauza mabelo matatu kwa bei ya hasara, nikakopa kikoba. Gari lilipopona sikuwa na mzigo wa kuweka ndani. Fikiria, gari zima, duka tupu. Nikaliuza. Ule msingi wa nyumba upo mpaka leo, wanalala mbuzi.

Watu waliniambia pole kwa ajali. Haikuwa ajali ile. Kila kilomita niliyokwenda mkanda ulikuwa unalika kidogo, na hela ya kuubadilisha nilikuwa naila mimi nikiita faida. Lilikuwa deni linakua, mi sioni.

Tufanye hesabu ya wazi, mkononi na kalamu. Hizi ni namba za mfano, kila mtu aweke zake, lakini njia ndiyo hiyo hiyo. Tuseme unaenda minada 12 kwa mwezi, kila mnada kwenda na kurudi wastani wa kilomita 125, jumla kilomita 1,500.

Gari umenunua milioni 15. Ukilitumia miaka mitano kwenye barabara zetu ukaliuza milioni 8, umeshukuru Mungu. Hapo milioni 7 zimeyeyuka, ukigawa kwa miezi 60 ni kama 117,000 kila mwezi. Hii ndiyo watu hawaihesabu kabisa, kwa sababu hakuna anayekuja kukudai. Tairi nne za 220,000 ni 880,000, zikikaa miaka miwili ni kama 37,000 kwa mwezi. Bima, ukaguzi na vibali weka 360,000 kwa mwaka, yaani 30,000 kwa mwezi. Oili na filta tuseme 120,000 kila kilomita 5,000, kwa mwendo wako ni 36,000 kwa mwezi. Springi, bushi, klachi, breki, beringi, mkanda na mengine yanayokuja bila hodi weka 80,000. Jumlisha: 300,000 kwa mwezi. Gawa kwa minada 12 unapata 25,000 kila mnada. Huo ndio mshahara wa gari, na hapo hujaweka hata tone la mafuta.

Mafuta, gari likienda kilomita 10 kwa lita na lita tukiiweka 3,000, ni 37,500 kwa mnada. Kwa hiyo gari lako linakula 62,500 kila unapokwenda mnadani. Sasa yule mwenzako wa Fuso: nauli yake na mzigo tuseme 25,000, gesti 10,000, jumla 35,000.

Umeona? Umeokoa gesti ya 10,000 kwa kutumia 27,500 zaidi. Gari lisipokuongezea faida ya 27,500 kila mnada juu ya ile uliyokuwa unapata na Fuso, yule anayeng'ang'ania kamba juu ya magunia anakushinda, na hata hajui.

Gari lisinunuliwe basi? Linunuliwe, ila ujue hiyo 27,500 itatoka wapi. Kwangu mimi sehemu kubwa inatoka kwenye safari ya kurudi. Nikienda na nguo narudi na mchele, kuku, dengu, chochote ambacho kijijini kipo na mjini kinatafutwa. Wazee wetu wa Unyamwezi waliijua biashara hii kabla injini haijatengenezwa. Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha misafara kati ya pwani na Ujiji. Burton na Speke walianza safari kutoka Zanzibar Juni 1857, wakafika Kaze, Tabora ya leo, Novemba. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa anabeba mzigo wa karibu kilo 30, na juu ya huo mkeka wake na chungu chake. Nyumba yake alikuwa nayo begani, tofauti na sisi ni matairi tu. Kwenda pwani alipeleka pembe za ndovu, kurudi bara zilibebwa merikani, kaniki, shanga na waya. Miguu inachoka sawa ukiwa umebeba au hujabeba. Na Hiace ni hivyo hivyo, mafuta ya kurudi mtupu pampu haikupunguzii.

Kwa wanaorudi na mazao: tangu 2017 serikali ilifuta ushuru wa mazao kwa anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Taratibu hubadilika, kwa hiyo pita kwa mtendaji uulize kabla hujapakia, usisubiri kubishana kwenye kizuizi saa nne usiku. Bahati nzuri tani moja ndiyo saizi ya Hiace yenyewe. Belo la mtumba la kawaida ni kilo 45. Ukipakia 20 una kilo 900, hujaweka kitanda, dumu la maji, wewe mwenyewe na mwenzako. Anayepakia 30 kwa sababu yameenea anazifanya springi na tairi zilipie tamaa yake. Gari kuenea mzigo na gari kuumudu ni vitu viwili.

Njia nyingine ya kupata hiyo 27,500 ni kubeba wenzako. Hapa nakuomba uwe makini. Gari la namba ya njano ni gari binafsi. Ukianza kutoza nauli na hela ya mzigo unafanya biashara ya usafirishaji, inataka namba nyeupe, leseni ya LATRA na bima inayoendana na kazi hiyo. Watu wanabebana kimya kimya, najua. Siku mambo yakiharibika, na abiria wako kaumia, kampuni ya bima ina haki ya kuuliza alikuwa humo kama nani. Bora watatu mnunue gari pamoja, muandikishane kwa mtendaji au mwanasheria, mgawane mshahara wake. Mimi na mwenzangu mmoja tuko hivyo, na hatujagombana ila mara moja, kuhusu harufu ya dagaa.

Tukiwa kwenye bima, wengi tuna ile ndogo, ya kumlipa mtu wa tatu. Ile ndiyo ya lazima kisheria, lakini gari lako likiungua haikulipi, na mzigo wako ndani haikulipi pia. Mtu mwenye duka la milioni sita ndani ya gari ana sababu ya kuuliza bei ya bima kubwa. Stika nayo uihakiki kwenye mfumo wa TIRA, usikubali karatasi tu ya mtu wa stendi. Na ukitoa siti ukageuza gari la abiria kuwa la mzigo na kitanda, nenda TRA taarifa za kadi zibadilishwe. Kadi ikisema siti 14 na ndani kuna godoro, trafiki atakuwa na maswali, na majibu yako yatakuwa na bei. Afadhali kidogo ni ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, ambayo ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Gari likipaki hudaiwi. Likitembea unalipa bila kujua.

Mshahara wa gari nauweka wapi? Nina laini ya pili ya simu, haina bando, haipigi, namba yake hata mke wangu hajaishika kichwani. Jioni ya mnada, kabla sijahesabu faida, 25,000 inaenda kule kwa wakala. Mnada ukiwa mbovu inaenda hivyo hivyo. Huu ndio mtihani wenyewe. Mnada mbovu unajiambia leo gari lisamehe, wiki ijayo nitalilipa mara mbili. Gari halisamehi. Limetembea kilomita 125 zile zile uwe umeuza au hujauza.

Sasa kuhusu kulala humo ndani, maana nako kuna watu tunaweza kuwapoteza.

USIINGIZE JIKO LA MKAA NDANI YA GARI. Naandika kwa herufi kubwa ili uone. Mwezi wa sita na wa saba huku kwetu usiku kuna baridi, mtu amepika chai nje, jiko limebaki na moto kidogo, anasema ngoja niliingize linipashe. Anafunga vioo kwa ajili ya mbu na wezi. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, haionekani, haikuamshi. Unapata usingizi mzito na asubuhi watu wanagonga dirisha. Jiko likionekana limezima bado linatoa. Na kulala injini ikiunguruma ili simu ichaji ni hatari hiyo hiyo, hasa kama ekzosi imetoboka na gari lako limezeeka. Nunua blanketi. Blanketi zito halifiki hata hela ya lita kumi na mbili za mafuta.

Pika nje, hata kama ni gesi ya mtungi mdogo. Dumu la petroli usilale nalo. Vioo acha vimefunguliwa vidole viwili pande zote mbili, weka wavu wa mbu, fundi cherehani anakushonea kwa hela ya soda. Chandarua juu ya kitanda kiwepo vile vile, maana malaria ya siku tano ni minada miwili imekwenda. Kitanda kikae upande ambao ukiamka ghafla unafikia usukani au mlango, sio umezibwa na mabelo pande zote. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na kichwa chako. Wengi tunao kwa ajili ya trafiki, umefungwa chini ya siti na vumbi la miaka mitatu, hata mshale haujulikani umesimama wapi.

Mahali pa kupaki, hakuna ubabe. Ukifika kijiji kigeni jitambulishe kwa mwenyekiti au mtendaji. Omba kulala karibu na gesti au kituo cha mafuta penye mlinzi na taa, mpe mlinzi kitu, na choo na bafu lipia pale pale gesti. Hiyo hela ndogo weka kwenye hesabu. Gari letu halina choo kama la wale wazee wa pensheni, na kijiji kinachokukuta umejisaidia nyuma ya shule hakitakununulia hata soksi. Hela ya mauzo iingie kwenye simu kabla giza halijaingia. Dada zangu mnaolala garini, msilale peke yenu. Pakini magari mawili matatu milango ikitazamana, na mtu mmoja wa pale kijijini mnayemwamini awe na namba zenu.

Umeme: usitumie betri ya gari kwa taa na simu usiku kucha, asubuhi gari haliwaki unaanza kutafuta vijana wa kusukuma na wakati wao ni hela. Betri ya pili na sola ndogo juu ya keria zinatosha taa, simu na redio.

Na usingizi wenyewe. Misafara ya zamani ilikuwa inaondoka alfajiri na jua likianza kuchoma watu wanapiga kambi. Sisi tunauza tangu asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, tunapakia mpaka saa mbili, halafu tunaendesha usiku kucha kuwahi mnada mwingine. Mtu ana kitanda nyuma ya kiti chake lakini anasinzia kwenye usukani! Kama unaelekea Singida, ule mteremko na mapindo ya Sekenke usiyaendee na macho mazito. Kitanda si umekinunua? Kilalie. Mnada mmoja ukikosa, laini yako ya pili itakutunza.

Masika ni habari nyingine kabisa. Lami iko sawa, lakini minada mingi iko ndani, na udongo wetu mweusi wa mbugani ukishiba maji hauulizi gari ni la nani. Upande wa Manonga watu wanalima mpunga kwa sababu maji yanasimama pale, sasa wewe unataka Hiace ipite kwenye jaruba? Kukwama siku moja ni kuvutwa na trekta, ni klachi kuungua, ni mzigo kulowa chini. Tena miezi hiyo mteja mwenyewe hana hela, pamba na mpunga bado viko shambani. Mimi Januari hadi Machi napunguza, naenda minada ya kando ya lami tu. Huo ndio muda wa kuliingiza gereji: springi, bushi, breki, kila kitu ambacho mshahara wake umeshajikusanya. Fundi naye miezi hiyo hana foleni, mnaelewana bei. Gari likikaa wiki nzima, chomoa waya wa betri na angalia upepo wa tairi, zisikalie ringi.

Mnaonunua tairi za mtumba, tazama pembeni ya tairi kuna namba nne. Ikiandikwa 1218, imetengenezwa wiki ya 12 ya mwaka 2018. Kashata inaweza kuwa nzima kabisa na mpira umekufa, mzigo na jua la saa nane vitaipasua. Usidanganywe na dawa ya kung'arisha.

Na kabla hujatoa hela kwa muuzaji wa gari, uliza mkanda ulibadilishwa lini, na kwa fundi gani. Akisema hajui, weka bei ya mkanda kwenye mapatano, ubadilishe kabla hujapakia belo la kwanza. Fundi wa kukagua awe wako, umlipe wewe, asiwe yule ambaye muuzaji amekuletea na kumwita "mdogo wangu".

Yule kijana hajanunua bado. Nilimwomba azunguke minada 12 na Fuso akiwa na daftari, aandike kila shilingi ya safari, halafu tukae. Alinuna kidogo, akakubali. Jana alinionyesha ukurasa wa kwanza. Nauli na mzigo 22,000, gesti 8,000, kula 5,000. Chini kabisa ameandika kwa kalamu nyekundu: mvua, nguo za watoto zimelowa juu ya Fuso, zimeuzwa kwa bei ya kutupa, hasara 120,000.

Hiyo sikuwa nimeiweka kwenye hesabu yangu. Nimemwambia aendelee kuandika, bado minada 11.